Zabibu zimegeuka rangi: nianze kukata au nisubiri?

Mkulima wa Mpunguzi

Mbukwenyi ndugu zangu. Nina ekari moja na nusu ya zabibu nyekundu, aina ya Makutupora, hapa Mpunguzi, Dodoma, na kiwanda cha mvinyo kinachonunua mzigo wetu kimetangaza kwamba kitaanza kupokea wiki ijayo. Vichala vyangu karibu vyote vimegeuka rangi na majirani wameshanoa mikasi. Wasiwasi wangu unatokana na msimu uliopita, ambapo nilikata siku ya kwanza ili niwahi foleni, kisha mzigo ukapunguzwa bei getini kwa maelezo kwamba sukari ilikuwa chini, ingawa kwa macho zabibu zilikuwa nyeusi tii. Kipimo chenyewe sikukiona. Je, rangi haitoshi kuonyesha kwamba zabibu zimekomaa? Na nikisubiri huku mvua za Machi bado zinanyesha, si zitaniozea shambani?

Msindikaji mdogo

Pole kwa yaliyokukuta, ndugu yangu. Rangi hutangulia utamu kwa wiki kadhaa, kwa hiyo mkulima anayeiamini peke yake hukata mapema karibu kila msimu. Kumbuka pia kwamba zabibu si ndizi wala embe, ambazo mtu anaweza kuzivundika zikaiva ndani. Ikishakatwa kwenye mti, sukari yake haiongezeki tena, na kiwanda hakiwezi kukusaidia kwa kuziweka stoo.

Sisi hupima kwa refraktomita, kifaa kidogo kinachohitaji matone machache tu ya maji ya zabibu na kusoma sukari kwa digrii za Brix, ambapo digrii moja ni takriban gramu moja ya sukari katika gramu 100 za maji hayo. Hamira hutumia gramu 17 hivi za sukari katika kila lita ili kutoa asilimia moja ya kilevi. Kwa hiyo zabibu za digrii 22 hutoa mvinyo mkavu, yaani usiobaki na sukari, wa asilimia 12 hadi 13, lakini za digrii 17 zitaishia kwenye 9 au 10, na mvinyo huo huwa mwepesi, mkali kwa uchachu, tena hautunziki vizuri. Bei uliyokatwa inaanzia hapo, ingawa nakubaliana nawe kabisa kwamba kipimo kinapaswa kufanyika mbele ya mwenye mzigo.

Usipime kichala kimoja kizuri kilicho karibu na njia. Chuma punje kama 100 kutoka mistari mbalimbali, upande wa jua na upande wa kivuli, juu ya kichala na nchani, kwa sababu punje za nchani mara nyingi huwa nyuma kwa utamu. Zikamue pamoja, ndipo upime. Asiye na kifaa aziangalie mbegu: zikiwa bado za kijani, asubiri, zikiwa za kahawia na zinaachana na nyama kwa urahisi, ukomavu umekaribia.

Mkulima wa Chinangali

Naunga mkono hayo, ila ndugu yetu asiisahau hoja yake ya mvua, kwa maana msindikaji huiona zabibu ikiwa tayari kwenye kreti. Mvua kubwa ikinyesha karibu na mavuno, punje hunywa maji, sukari huzimuliwa, na nyingine hupasuka na kukaribisha uozo. Ukiona punje zimeanza kupasuka, kata, hata kama kipimo hakijafika unapotaka, kwa sababu digrii mbili ulizozikosa ni hasara ndogo kuliko kichala kilichooza.

Dawa ya kudumu iko kwenye kupogoa. Wenzetu wa Ulaya huvuna mara moja kwa mwaka kwa kuwa baridi huulaza mzabibu. Hapa Dodoma hakuna baridi ya namna hiyo, hivyo mkasi ndio unaouamsha, na ndiyo maana tunavuna mara mbili, mwanzoni mwa mwaka na tena kwenye Agosti au Septemba. Kutoka kupogoa hadi kuvuna ni kama miezi minne, kwa hiyo anayepogoa mafungu mawili kwa kupishana wiki mbili hatalazimika kukata shamba zima siku moja. Mavuno ya kiangazi, kwa wenye umwagiliaji wa matone, ndiyo yanayonipa sukari nzuri bila hofu.

Afisa ugani mstaafu

Naongeza jambo moja ambalo wengi hulipuuza: acheni kupuliza salfa, ile dawa ya ukungu, mapema kabla ya kuvuna, kwa kufuata siku zilizoandikwa kwenye kifungashio, kwa sababu mabaki yake yakiingia kwenye pipa huweza kuupa mvinyo harufu ya mayai viza. Kateni alfajiri, mzigo ukae kivulini, na ufike kiwandani siku hiyo hiyo.

Mkulima wa Mpunguzi

Nashukuru sana, wakubwa zangu. Nimeazima kifaa kwa jirani na kupima leo asubuhi: mistari ya mwinuko imesoma 21, ile ya bondeni 18. Punje hazijapasuka. Nitakata ya mwinuko Jumamosi, ya bondeni nitaipima tena baada ya siku tano, na kifaa hicho nitakwenda nacho getini.