Hili neno "nocturne" lina maana ngapi jamani?

mpenda_kinanda: Wajuzi wa lugha nisaidieni. Mi nimezoea nocturne ni ile miziki ya piano ya polepole ya Chopin, sasa naperuzi tovuti ya makumbusho moja ya Ufaransa nakuta wameandika "nocturne" kwenye ratiba, nikajua kuna shoo, kumbe hakuna cha piano wala nini. Inakuwaje?

bwana_kamusi: Hapo wanamaanisha siku wanayochelewa kufunga, basi. Hata mechi ikipigwa usiku chini ya mataa Mfaransa anasema "en nocturne". Mzizi ni Kilatini, nox ni usiku, nocturnus ni kitu cha usiku, na kanisani kulikuwa na sala za usiku zenye jina hilo zamani sana kabla ya piano. Halafu kwenye piano aliyeanza si Chopin, ni John Field wa Ireland, Chopin alimfuata tu ila sifa zote kabeba yeye 😅

Rangi255: Msisahau wachoraji. Whistler aliziita nocturne picha zake za mto Thames usiku, Ruskin, mhakiki wa sanaa wa Uingereza, akamponda kwenye kijarida chake, wakafikishana mahakamani 1878, Whistler akashinda na fidia aliyopewa ni farthing moja, yaani robo ya peni!! Mwaka uliofuata akafilisika

zamu_ya_usiku: Mnaongelea sanaa tu, nendeni Brazil muone neno linavyoingia kwenye mshahara. Kule ni "noturno", na sheria yao ya kazi inasema mfanyakazi wa mjini akifanya kazi kati ya saa nne usiku na saa kumi na moja alfajiri anaongezewa si chini ya asilimia 20, hiyo inaitwa adicional noturno. Na utamu wenyewe ni kwamba saa moja ya usiku inahesabiwa dakika 52 na sekunde 30, sio 60.

mpenda_kinanda: Weee, hizo sekunde 30 zimetokea wapi tena?

zamu_ya_usiku: Piga hesabu. Saa nne mpaka kumi na moja ni masaa saba ya ukutani, dakika 420, gawa kwa 52 na nusu unapata nane kamili. Kwahiyo mtu anakesha masaa saba anaandikiwa nane, na ile asilimia 20 iko palepale juu yake.

bwana_kamusi: Hiyo nocturne hata Chopin angeacha piano akaombe kazi