Mlo wa mwezi mmoja na chungu cha kila siku: gumzo la kikundi cha ukoo

Mama Zawadi: Shikamooni wakubwa wote, na wenzangu habari za jioni. Naomba kuwaarifu kwamba kuanzia Jumatatu nyumba yetu ya hapa Mbagala itaacha wanga kabisa kwa mwezi mmoja: hakutakuwa na ugali, wali, mihogo, chapati wala ndizi, bali tutakula nyama, mayai, parachichi na mboga za majani. Mwenzangu wa ofisini amepungua kilo nne ndani ya wiki mbili kwa mlo huo, nami hufika nyumbani saa mbili usiku nikiwa hoi, hivyo nahitaji utaratibu mmoja usionisumbua kichwa. Bibi atakula pamoja nasi, kwa kuwa ana sukari na wanga ndio unaompandishia.

Wifi wa Tanga: Hongera kwa nia njema, wifi yangu. Ningependekeza mtangulize siku tatu za juisi ya tango, ndimu na tangawizi bila chakula kingine, ili sumu itoke mwilini kwanza.

Shangazi: Marahaba, mwanangu. Kabla hatujafika kwenye juisi, naomba uniambie Mama, yaani Bibi wenu, anatumia dawa gani za sukari kwa sasa.

Mama Zawadi: Anameza metformini asubuhi na jioni, Shangazi, pamoja na kidonge kimoja cha glibenklamidi kabla ya chai ya asubuhi.

Shangazi: Basi nakusihi mpango huo usimguse Mama hata siku moja kabla daktari wa kliniki yake hajaufahamu. Glibenklamidi huisukuma kongosho itoe insulini, iwe mtu amekula au hajala, kwa hiyo mgonjwa anayeimeza kama kawaida huku wanga ukiwa umeondolewa ghafla anaweza kushukiwa na sukari mpaka akazimia, na mtu wa umri wake ambaye figo zake hazina nguvu za zamani hubaki na dawa hiyo mwilini kwa muda mrefu zaidi. Mkimwona anatetemeka, anatoka jasho jingi au anaongea mambo yasiyoeleweka, na bado anaweza kumeza, mpeni mara moja maji yaliyokorogwa sukari, kisha mpelekeni hospitali. Sikatai kwamba wapo wagonjwa wa sukari wanaonufaika kwa kupunguza wanga, lakini hao hupunguziwa na dawa pia, tena chini ya uangalizi.

Baba Mdogo: Dada, maelezo hayo nimeyaelewa na nakushukuru. Hata hivyo, hizo kilo nne za mwenzake si za uongo, maana mizani imezionyesha.

Shangazi: Mizani imesema kweli, mdogo wangu, ila haikusema ni kitu gani kilichopungua. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, na kila gramu moja ya akiba hiyo hukaa pamoja na takribani gramu tatu za maji, kwa hiyo mtu akiacha wanga, akiba huisha katika siku chache na maji yake hutoka kwa njia ya mkojo. Sehemu kubwa ya kilo za mwanzo huwa ni hayo maji, nayo hurudi pale mtu anapokula wali wa harusi. Mafuta ya mwili hupungua polepole, kwa mlo wowote unaompa mtu nishati ndogo kuliko anayoitumia, ilimradi aweze kuudumisha.

Isitoshe, mlo wa mafuta mengi na wanga kidogo sana haukubuniwa kwa ajili ya familia. Mwaka 1921 daktari Russell Wilder wa Mayo Clinic, huko Marekani, aliupendekeza kwa wagonjwa wa kifafa, na hadi leo hutumika kwa watoto ambao kifafa chao kimeshindikana kwa dawa, wakifuatiliwa kwa karibu na daktari pamoja na mtaalamu wa lishe. Zawadi na mdogo wake wanakua na wanakimbia kutwa nzima. Hakuna sababu ya kuwanyima ugali.

Baba Zawadi: Shangazi, mimi nilikuwa nawaza bei. Nyama na mayai ya watu sita kila siku yatamaliza posho yetu kabla ya katikati ya mwezi, na bila shaka watoto watapikiwa chungu chao pembeni, jambo ambalo mama yao hana nafasi ya kulifanya.

Shangazi: Hapo ndipo penye kiini cha jambo lote, na ndipo milo mingi ya namna hii inapovunjikia. Mama anayerudi saa mbili usiku anahitaji chungu kimoja kinachomfaa bibi, mume na mtoto wa shule, mwezi huu na mwaka ujao. Ijumaa usiku lowekeni maharage, asubuhi mwageni maji yake, yachemsheni mpaka yaive bila kuunga, kisha yakishapoa yagaweni kwenye vikopo vya mlo mmoja mmoja na kuyagandisha kwenye friji. Siku ya kazi kitunguu, nyanya na karoti vinatosha kuyaunga, na ndani ya nusu saa mnakula. Siku nyingine pikeni dagaa, ambao huliwa na mifupa yao na hivyo kuwapa watoto madini ya chokaa kwa bei ndogo kuliko nyama.

Kwenye sahani, nusu iwe mchicha, tembele au mboga nyingine, robo iwe maharage au samaki, na robo iliyobaki iwe ugali usiozidi ngumi ya mlaji mwenyewe. Anzeni kuchanganya dona na sembe nusu kwa nusu mpaka ulimi uzoee, kwa kuwa sembe limeondolewa pumba na kiini, na humo ndimo mnamokaa sehemu kubwa ya nyuzinyuzi na vitamini. Nunueni dona kidogo kidogo, maana mafuta ya kiini hulifanya lichache mapema, na kama mnasagisha wenyewe, tupeni kila punje yenye ukungu. Wale waliougua na kufariki kwa sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, Dodoma na Manyara mwaka 2016 walikula mahindi ya kawaida kabisa.

Mafuta ya kupikia yapimeni kwa kijiko, msimimine moja kwa moja kutoka kwenye dumu. Soda nayo naomba ibaki ya sikukuu tu, kwa sababu chupa moja ya mililita 350 hubeba takribani vijiko tisa vya chai vya sukari.

Wifi wa Tanga: Na juisi yangu, Shangazi, haina faida yoyote?

Shangazi: Inaburudisha, mwanangu, lakini kazi ya kuondoa sumu inafanywa na ini na figo kila saa, na siku tatu bila chakula zingemweka Mama katika hatari ileile niliyoieleza. Ndimu hiyo ikamulieni kwenye mchicha ukiwa mezani, kwani vitamini yake huusaidia mwili kufyonza madini ya chuma, na chai msiinywe pamoja na chakula kwa sababu huyazuia.

Mama Zawadi: Nashukuru sana, Shangazi. Naahirisha mpango wa Jumatatu, na Ijumaa hii nitaloweka kilo mbili za maharage. Alhamisi Bibi ana kliniki. Je, nimuulize daktari kuhusu kiasi cha ugali?

Shangazi: Muulize, na umpelekee daftari lenye vipimo vya sukari vya asubuhi kabla ya kula na vya baada ya kupita muda wa saa mbili tangu chakula cha jioni, pamoja na maelezo ya alichokula. Mwambie pia kama amewahi kuamka usiku akitoka jasho.

Baba Zawadi: Mashine ya kupimia ipo, ila vipande vyake viliisha. Nitapita duka la dawa kesho nikitoka kazini, na kipimo cha kwanza tutaanza keshokutwa alfajiri.