Warsha za maandiko ya miradi hapa Dar: mnatoza laki tatu na nusu halafu hakuna anayesoma andiko la mtu

Wakuu, salaam.

Naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Mods naomba msiuunganishe uzi huu na zile nyuzi za "fursa za mafunzo", kwa sababu hapa ndipo wanapopita watu ambao wiki hii wanajiandaa kulipa.

Mimi ni afisa miradi kwenye shirika dogo la lishe ya watoto upande wa Mbagala, na maandiko ninayoongelea ni yale ya kuomba fedha kwa wafadhili. Wanaofanya kazi kwenye mashirika ya ukubwa huu wanajua: afisa miradi ndiye mwandishi wa maandiko, ndiye anayepanga bajeti na mhasibu, ndiye anayeandika ripoti. Andiko likikataliwa, dereva, mhudumu wa ofisi na wahamasishaji wa mitaani wote wanakutazama wewe. Kwa hiyo ninaposema nataka kuijua kazi hii vizuri zaidi, naongelea mishahara ya watu na watoto wanaosubiri huduma. Cheti cha kutundika ukutani hakinisaidii kitu.

Sasa tuone kinachouzwa. Tangazo lilizunguka kwenye magrupu ya WhatsApp: uwe mwandishi wa maandiko aliyethibitishwa kimataifa ndani ya wikendi moja, ukumbi Sinza, ada laki tatu na nusu, chai, chakula cha mchana na cheti. Nililipa kutoka mfukoni kwangu, maana ofisini fungu hilo halipo (nitalirudia hili, wakurugenzi msiondoke). Ukumbi ulijaa. Kulikuwa na vijana wa asasi za Temeke na Kigamboni, wahasibu, watu wa parokia, walimu wastaafu. Alikuwepo dada mmoja kutoka Kibaha aliyekuja na laptop yenye andiko la kuwasilisha wiki iliyokuwa inafuata. Aliomba asomewe walau ukurasa mmoja. Akaambiwa asubiri. Akaomba tena baada ya chakula, akajibiwa kwamba hiyo ni huduma ya pembeni na ina bei yake.

Mpaka tunagawiwa vyeti, mwezeshaji hakuwa amesoma sentensi hata moja ya mshiriki yeyote. Tulisomewa slaidi tu. Maana ya lengo kuu, maana ya lengo mahususi, maana ya kiashiria, picha ya mti wa matatizo, makofi, picha ya pamoja, kwaherini.

Fundi cherehani hajifunzi kwa kuonyeshwa picha za mashati. Anashona, fundi mkuu anafumua mbele yake, anamwonyesha mshono ulipokosewa, anashona tena. Uandishi wa maandiko ni hivyo hivyo. Hakuna njia nyingine ya kujua kwamba sehemu yako ya tatizo inaongelea udumavu wakati shughuli zako zote ni za usafi wa mikono, ila mtu mwenye jicho aisome na akuulize, hivi viwili vinakutana wapi? Hakuna slaidi itakayokuuliza swali hilo. Mnatutoza pesa ya ufundi halafu kazi yenyewe ya ufundi, yaani kusoma na kufumua, mnaiacha nje.

Na hizo slaidi zenyewe! Tulifundishwa kwamba ukitaka fedha ya serikali ya Marekani lazima uwe na namba ya DUNS (namba ya utambulisho wa shirika), na mwezeshaji akatutangazia kwamba anaweza kutusaidia kuipata kwa malipo. Wakuu, serikali ya Marekani iliachana na DUNS Aprili 2022. Siku hizi ni namba ya UEI, inatolewa ndani ya SAM.gov yenyewe, tovuti ya serikali hiyo ya kusajili waombaji, na usajili wa huko ni bure. Mtu anauziwa kitu kilichokwisha kufutwa, anaenda ofisini kumwambia mkurugenzi atoe hela.

Kwenye bajeti ndiyo iliniuma zaidi. Tuliambiwa kwamba gharama zisizo za moja kwa moja, zile za kodi ya ofisi, umeme, mhasibu na ukaguzi wa hesabu, ni asilimia 10 "kwa wafadhili wote". Siyo kweli, na haikuwa kweli siku ile anayasema. Kwa ruzuku za serikali ya Marekani, shirika lisilo na kiwango chake maalumu kilichokubaliwa linaruhusiwa kudai mpaka asilimia 15 tangu 1 Oktoba 2024. Umoja wa Ulaya nao kwenye ruzuku zake za miradi ya nje una kikomo cha asilimia 7. Chukueni mradi wenye gharama za moja kwa moja zinazohesabika za shilingi milioni 200. Ukiandika asilimia 10 pale unaporuhusiwa 15, umeacha milioni 10 mezani, na hizo kwa shirika kama letu ni kodi ya mwaka na sehemu kubwa ya mshahara wa mhasibu. Ukiandika 10 kwa Umoja wa Ulaya, bajeti yako ina kosa ambalo msomaji wa kwanza ataliona. Watu zaidi ya hamsini walinakili ile asilimia kwenye madaftari yao na kuondoka nayo.

Takwimu nazo hivyo hivyo. Mfano wa "maelezo ya tatizo" aliotuonyesha kama wa kuigwa ulikuwa unasema udumavu wa watoto Tanzania ni asilimia 34. Hiyo ni ya utafiti wa afya na idadi ya watu wa 2015/16. Utafiti wa 2022 umeshatoka na unasema asilimia 30. Ninafanya kazi ya lishe, namba hizi ninalala nazo. Mfadhili akiona umetumia takwimu ya zamani wakati mpya iko wazi kwa kila mtu, anaelewa kwamba hujaenda kuangalia, na baada ya hapo anakisoma kila unachomwambia kwa shaka. Nilinyoosha mkono nikalisema hilo. Nikajibiwa kwamba "tusipoteze muda kwenye vitu vidogo".

Templeti ilikuwa moja kwa dunia nzima. Hakuna aliyetueleza kwamba kwenye wito wa Umoja wa Ulaya (tangazo la kualika maombi ya ruzuku) ni dokezo la wazo, yaani muhtasari wa mradi wako, linalopimwa kwanza, na likianguka, andiko lako kamili halifiki kwenye tathmini hata kama ulilikeshea. Wala kwamba mwongozo wa waombaji unakuja na jedwali la alama ndani yake, kwamba unaweza kukaa na jedwali hilo na kujipa alama mwenyewe kabla ya kutuma. Hilo peke yake lingetosha kuwa somo la siku nzima: watu wawili wawili, kila mmoja anasahihisha andiko la mwenzake kwa jedwali halisi la mfadhili, halafu mnabishana kwa nini wewe umempa 3 na mwenzako amempa 5. Ukitoka hapo unaandika tofauti.

Na sheria ya nchi yetu, kimya. Kanuni za mashirika yasiyo ya kiserikali za 2018 zinataka mkataba wa fedha inayozidi shilingi milioni 20 uwasilishwe kwa Msajili wa mashirika hayo na Hazina ndani ya siku 10 tangu kusainiwa. Anayeandika mpango kazi unaoanza kutumia fedha siku ya pili baada ya saini, na hajawahi kuambiwa jambo hilo, anaitumbukiza ofisi yake kwenye matatizo ambayo hayakuwa na sababu yoyote.

Sasa kuna lile ambalo kwangu ni baya kuliko yote. Mchana wa mwisho tulifundishwa "namna ya kujiajiri": nenda kwenye shirika, mwambie utaandika bure, fedha ikiingia uchukue asilimia 10. Ukumbi ukapiga makofi. Ndugu zangu, kazi hii ina maadili yake. Chama cha wachangishaji fedha cha Marekani, AFP, na kile cha wataalamu wa ruzuku, GPA, vyote viwili kanuni zao za maadili zinakataza malipo ya namna hiyo. Na sababu iko wazi kwa yeyote aliyewahi kushika bajeti ya mradi. Fedha ya ruzuku imeshapangiwa mistari. Hakuna mstari wa kumlipa aliyeandika. Kwa hiyo ile asilimia 10 itafichwa kwenye mstari wa "mshauri mwelekezi" au kwenye semina ambayo haikufanyika, mkaguzi wa hesabu ataikuta, itaitwa gharama isiyokubalika, na shirika litatakiwa kuirudisha. Mwandishi atakuwa ameshaondoka zamani. Atakayebaki kuhojiwa ni mhasibu na mwenyekiti wa bodi, mara nyingi mzee wa mtaa aliyekubali kusaini kwa moyo mzuri.

Kuhusu hivyo vyeti vya "kimataifa". Uthibitisho unaojulikana wa kazi hii, GPC wa kule Marekani, kwanza unataka uwe umeifanya kazi kwa miaka, halafu unakaa mtihani wenye maswali ya kuchagua na sehemu ya kuandika ambayo inasomwa na kusahihishwa na watu. Baada ya hapo lazima uuhuishe kila baada ya muda kwa kuonyesha kwamba umeendelea kujifunza. Simwambii mtu akautafute, gharama yake ni kubwa na umejengwa kwa mazingira ya kule. Nasema tu kwamba hata huko mtu haitwi aliyethibitishwa kabla maandishi yake hayajasomwa.

Mnaojiuliza kwa nini warsha hizi zimeongezeka, angalieni 2025. Tarehe 20 Januari Rais Trump alisaini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Machi Waziri wake wa Mambo ya Nje, Rubio, akatangaza kwamba asilimia 83 ya programu za USAID, shirika la misaada la Marekani, zimefutwa, na tarehe 1 Julai USAID ikaacha kabisa kuendesha misaada. Uingereza nayo imetangaza kushusha misaada yake kutoka asilimia 0.5 ya pato la taifa hadi 0.3 ifikapo 2027. Hapa Dar tumeona ofisi za Mikocheni na Msasani zikifungwa na wenzetu wakibebeshwa mabegi yao. Wenye shida wameongezeka, kila mmoja anahisi akijua kuandika atapona. Na huko kwenye hofu hiyo ndiko mnakokwenda kuvuna laki tatu na nusu za mtu aliyeachishwa kazi! Mtu anakopa kwenye kikoba aje akae mbele yenu, mnampa slaidi za kabla ya 2022.

Wakurugenzi, na ninyi hamjapona. Kwenye bajeti zetu fungu la "kujenga uwezo" linawekwa kwa walengwa, kwa kamati za mitaa, kwa watendaji wa kata, kwa kila mtu isipokuwa anayeziandika hizo bajeti. Wapo wafadhili wanaokubali mafunzo ya watumishi yakiandikwa na kutetewa. Hamuandiki. Barua ya kukataliwa ikija na maoni ya wasomaji, mnaisoma wenyewe mnaifungia kwenye droo kama siri ya familia. Barua ile ndiyo mwalimu pekee tuliyenaye na tunanyimwa. Mtupe tuisome.

NACONGO, baraza la taifa la mashirika yasiyo ya kiserikali, mko kwa mujibu wa Sheria Na. 24 ya 2002, na sheria hiyo hiyo imewapa kazi ya kuwa na kanuni za maadili za sekta. Wekeni waziwazi suala la malipo ya asilimia. Lisemwe kwa Kiswahili, libandikwe kila mkoa, ili mwenyekiti wa bodi kule Chanika akiletewa ofa hiyo awe na karatasi ya kumwonyesha huyo kijana.

Wawezeshaji mnaopita humu, najua mpo, nijibuni hapa hadharani, siyo PM. Slaidi zenu mlizihuisha lini? Andiko lenu la mwisho kupata fedha lilikuwa la mfadhili gani na wasomaji waliwapa alama ngapi? Kwenye ada mnayotoza, mnasoma kurasa ngapi za kila mshiriki? Kama jibu la hili la tatu ni sifuri, semeni kwenye tangazo ili mtu alipe akijua.

NYONGEZA: Wanaoniuliza jina la waliotuandalia, sitaliweka. Niliyoyakuta pale wenzangu watatu wameyakuta kwenye kumbi nyingine kabisa, kwa hiyo jina moja litawapa wengine mahali pa kujificha. Aliyeuliza kama ChatGPT haitoshi: inakunyooshea Kiingereza, lakini haijawahi kufika Mbagala Kuu na haijui kama mama mwenye mtoto wa miezi nane anaweza kweli kuja kwenye kikao chako saa nne asubuhi.

Ninachopendekeza ni hiki. Nina andiko letu la lishe lililokataliwa, pamoja na maoni ya mfadhili, na mkurugenzi ameniruhusu kulitoa baada ya kuondoa majina. Tukipatikana sita au saba wenye maandiko yetu, tukutane tuyasome kwa jedwali la alama, bila ada, kila mtu na maji yake. Dada wa Kibaha kama uko humu, lako tuanze nalo. Upande wa Temeke kuna ofisi yenye chumba ambacho Jumamosi hakitumiki. Wa Kimara na Mbezi mtaona ni mbali, basi semeni kama Ubungo ni nafuu kwenu, na kama saa tatu asubuhi inawezekana kwa wanaotegemea daladala.