Folda za ofisi: tuanze na mteja au tuanze na mwaka?

Karani_Ilala: Wakuu, habari za kazi. Jumatatu tunahamia seva mpya, na kuna mipango miwili ya folda. A: Mteja > Mwaka > Aina. B: Mwaka > Mteja > Aina. Bosi anataka B, mimi A. Ipi inafikisha kwenye faili haraka?

kibodi_moto: Hujasema wateja wangapi, watumiaji wangapi, wala kazi yenyewe. Tutabahatisha tu.

Karani_Ilala: Samahani mkuu. Uhasibu, wateja kama 60, watumiaji 5, Windows 11. Ritani za VAT kila mwezi.

BiMaryam: A. Mteja akipiga simu anataja jina, hataji mwaka. Ndani yake weka 00_Kudumu (cheti cha TIN, usajili, mikataba), kisha 2024, 2025. Mwaka ukikaa juu, cheti cha TIN kitanakiliwa kila Januari, na baadaye hakuna anayejua nakala ipi ndiyo sahihi.

kibodi_moto: Sikubaliani, dada. VAT inadaiwa tarehe 20 kwa wateja wote kwa mpigo. Kwa A utafungua folda 60 ili ujue nani bado. Tena kwa B, mwaka ukiisha unafunga folda moja tu iwe ya kusoma.

BiMaryam: Nani bado, hiyo ni kazi ya jedwali la Excel.

fundi_waya: Mnagombania ngazi ya juu wakati balaa huanzia chini. Windows kwa kawaida hukubali njia nzima ya faili (majina ya folda zote hadi jina la faili) isiyozidi herufi 260, Excel hugoma baada ya 218. Kuna ofisi ilikuwa na folda kama "Ritani za Kodi ya Ongezeko la Thamani Mwaka wa Fedha 2023", ngazi saba. Faili zilifunguka kwa sababu diski Z:, yaani njia ya mkato ya kuingia seva, ilielekezwa moja kwa moja kwenye ngazi ya nne. Walipohama, Z: ikaanzia juu kabisa, njia zikarefuka, na Excel ikadai faili haipo ilhali wanaiona kwenye skrini. Siku mbili zikaishia kufupisha majina, na kila jina lililobadilishwa likakata viungo kati ya vitabu vya Excel. Karani, fupisha KABLA ya kuhama: mteja herufi 6 hadi 10, ngazi zisizidi nne, na nakili kwa robocopy, amri ya Windows ya kunakili faili, yenyewe haisumbuliwi na njia ndefu. Tarehe ianze na mwaka: 2025-06-20. Ukianza na siku, tarehe 1 za miezi yote zitajipanga pamoja.

mzee_wa_data: Mbona mnabofya bado? Wekeni Everything, programu ya kutafuta faili kwa jina, andika "2025-06 vat" na faili imekuja. Diski ya seva uiongeze mwenyewe kwenye orodha yake ya folda, nayo hukaguliwa kwa ratiba, hivyo faili ya dakika hii huenda isionekane.

BiMaryam: Na "scan0047.pdf" utaipataje, mzee? Jina la mteja liwemo kwenye faili yenyewe.

Karani_Ilala: Na Quick Access, ile orodha ya folda za kubandika kwenye File Explorer?

fundi_waya: Bandika folda za wiki hii tu, na ubandike baada ya kuhama, maana kibandiko hubaki kinaelekeza kwa zamani. Zima pia mpangilio wa kuonyesha folda zinazotumika mara kwa mara, la sivyo orodha itabadilika yenyewe. Hivi nakala rudufu ya seva inakaa wapi?

Karani_Ilala: Diski ya nje, chumba hichohicho.

kibodi_moto: Chumba hichohicho? Mkuu, moto au mwizi anaondoka na vyote viwili. Hilo lishughulikie kabla ya Jumatatu.