Hivi 512m na 512Mi ni kitu kimoja? Yule jamaa wa kijiti amenichefua

Wakuu, mods msiunganishe huu uzi na ule wa bili za wingu, huu una moto wake.

Simtaji, mnamjua. Yeyote aliyewahi kushika faili la YAML (yale maandishi ya mipangilio ya seva) kuanzia Sakina mpaka Usa River anamjua yule wa kijiti cha meno. Leo ameonyeshwa mstari wake chini ya limits, yaani kikomo, umeandikwa `memory: 512m`. Namwambia kaka, hapo ni Mi. Akatoa kijiti mdomoni, akaniangalia kama konda anavyomwangalia abiria mwenye noti ya elfu kumi saa kumi na mbili asubuhi, akasema mbele za watu: "Herufi moja tu, dogo."

DOGO!

Sikilizeni. Kwenye Kubernetes, ule mfumo wa kuendesha programu kwenye kundi la seva, m ni sehemu moja ya elfu. Kwenye CPU haina shida, 500m ni nusu ya CPU. Ugonjwa umeanzia hapo: kanakili mstari wa CPU, kaushusha kwenye memori. Memori inahesabiwa kwa baiti, kwa hiyo 512m ni baiti 0.512. Nusu baiti, wakuu! Herufi A peke yake haienei humo. 512Mi, yaani mebibaiti 512, ni baiti 536,870,912. Kati ya hizo mbili unapitisha Meru na Kilimanjaro zikiwa zimeshikana mikono. "Herufi moja tu."

Na faili linapita! Klasta, yaani hilo kundi la seva, inatoa onyo, inapokea. Angeweka `requests` (memori ambayo programu inaomba itengewe) ya 256Mi angekataliwa palepale, maana requests haitakiwi kuzidi limits. Hakuweka. Ukiiacha, inarithi thamani ya limits, kwa hiyo nusu baiti inalingana na nusu baiti, mambo safi. Halafu juu yake kaweka strategy (namna ya kuingiza toleo jipya) ya Recreate: podi (vifurushi vya makontena yanayobeba programu) za zamani zinauawa zote kwanza ndipo mpya zizaliwe. Angeacha RollingUpdate ambayo ndiyo ya kawaida, za zamani zingeendelea kuhudumia huku mpya zikihangaika. Sasa za zamani zimekufa, mpya hazizaliki, kontena linauawa kabla programu haijafumbua jicho. Na kijiti kinarudi mdomoni.

Dawa yake ni kubectl, amri ya kuiongoza Kubernetes: `kubectl diff -f` uone kinachobadilika, kisha `kubectl apply --dry-run=server -f` ujaribu bila kubadilisha kitu, usome onyo. USOME. Likishaharibika, `kubectl rollout undo`, unarudi ulikokuwa. Yeye kaanza kufuta mstari mmoja mmoja kwa simu. Kwa SIMU.

Nimemaliza. Sijamaliza. Dogo!

Mangi wa Kiboriloni: Mleta uzi, kutoka m kwenda Mi ni M kubwa halafu i. Yeye kasema herufi moja na wewe ukaibeba hivyohivyo mpaka kwenye kichwa cha habari cha roho yako. Kweli wewe dogo.

Kifodi cha Mwisho: 😂😂😂 Nusu baiti! Hata kifodi cha Ngaramtoni hakibanani hivyo.

Seva Imelala: Afadhali huyo. Kuna wanaosogeza mstari ndani kwa Tab. YAML haitaki Tab hapo, inataka nafasi tupu. Faili linagoma, mtu anasingizia intaneti. Piga `cat -A` kwenye faili, kila penye Tab utaona ^I. Lile la jana lilikuwa ^I tupu, kama uzio wa fito.

Binti wa Mbuyuni: Tab angalau inapiga kelele. Ogopeni vinavyopita kimya. Andika toleo 3.10 bila alama za kunukuu, linasomwa kama namba, linakuwa 3.1. Andika NO ukimaanisha Norwei, kwa kisomaji cha YAML 1.1 ni "hapana". YAML 1.2 iliondoa hiyo mwaka 2009 lakini PyYAML, kisomaji cha Python, bado iko na 1.1. Poti 22:22 ndiyo kichekesho: inageuka 1342, maana inahesabu sitini sitini kama saa. Wekeni alama za kunukuu jamani, hazilipiwi.

Kifodi cha Mwisho: Nimejaribu sasa hivi. 1342. Nimefunga kompyuta.

Mleta uzi: Wakuu tunatoka nje ya mada. Alisema HERUFI MOJA TU.

Mzee wa Terraform: Nyie mna raha. Kuna mtu kasukuma `terraform.tfstate` (faili ambamo Terraform, zana ya kuunda seva kwa maandishi, inaweka kumbukumbu zake) kwenye Git, inayotunza kila toleo la faili. Nywila ya hifadhidata imo mle, imeandikwa wazi kama tangazo la msiba. Anafuta faili anasema tayari. Tayari nini? Historia ya Git inalo. Unabadilisha nywila KWANZA, ndipo unasafisha historia.

Mangi wa Kiboriloni: Shikamoo mzee. Huyo si ndiye huyuhuyu wa kijiti?

Mzee wa Terraform: Marahaba. Simtaji.

Seva Imelala: Mlioko Moshi, umeme umerudi?

Binti wa Mbuyuni: Huku upo. Kama unakuja pita stendi, ila mtori wao usiuguse.

Mleta uzi: Na kile kijiti kakiacha juu ya kibodi yangu.

Kifodi cha Mwisho: Mtori una nini tena?

Binti wa Mbuyuni: Maji matupu, nyama wameiwekea 512m.