Ulinganisho: nanga ya mgeni mwenyewe, jiwe la zege, au mnyororo wa kulaza chini? Diko dogo Pemba

Kipwani
Assalaam alaikum wanabahari. Naomba tulinganishe njia tatu za kuwaweka wageni kwenye diko (mahali vyombo vinapotua) la kisiwa kidogo upande wa magharibi wa Pemba, ndani ya PECCA, eneo la hifadhi la mkondo wa Pemba.

Hali ilivyo: nafasi ya vyombo kuelea ni mita 300 kwa 120. Kina ni mita 3 maji yakipwa bamvua (siku za maji makubwa), mita 7 yakijaa. Chini ni mchanga na tope, isipokuwa pembeni mwa mashariki penye majani ya bahari na kusini penye mwamba. Vyombo vya wenyeji vinalala karibu na ufukwe. Wageni ni boti za matanga, nyingi za mita 12 hivi, huja mbili tatu, na katikati ya kusi (msimu wa upepo wa kusini) hufika 6.

Njia zenyewe: (1) kila mgeni atie nanga yake ndani ya mipaka tutakayompa, (2) jiwe la zege, mnyororo na boya, (3) mnyororo mzito uliolazwa chini, boti zifungwe omo (mbele) na tezi (nyuma). Naomba hesabu tafadhali, maana kikao cha kamati ya wavuvi kinataka kuziona.

OmoNaTezi
Waalaikum salaam. Anza na nafasi kabla ya uzito. Watu huuliza jiwe liwe tani ngapi kabla hawajajua boti itazunguka wapi.

Kina cha kupigia hesabu ni cha maji kujaa. Mita 7, ongeza mita 1 ya kimo cha omo juu ya maji, unapata 8. Anayetia nanga kwa mnyororo mtupu hutoa mara 5, yaani mita 40. Mwenye kamba hutoa mara 7, mita 56. Sasa maji yakipwa, boti ya mita 12 yenye mnyororo wa mita 40 inafikisha tezi yake mita 52 kutoka kwenye nanga, na duara zima linapita mita 100. Kwenye ghuba yako wanaingia wawili kwa raha, wa tatu hana pa kuzungukia.

Kwenye jiwe la kudumu mnyororo unashuka hadi mara 3, mita 24. Tezi inafika mita 36, duara ni mita 72. Hapo wanaingia wanne kwa mstari mmoja, wakijaza ghuba yote.

Njia ya 3 ndiyo inayobana kuliko zote: boti 6 zikipewa mita 12 kila moja zinakaa ndani ya mita 72. Ubaya wake uko ubavuni. Upepo wa omo unapiga eneo dogo. Ukigeuka ubavuni, eneo linalopigwa linakuwa mara 3 hata 4. Kusi na kaskazi zinapingana, kwa hiyo boti zikilazwa kusini-kaskazini misimu yote miwili inazikuta omo au tezi. Matlai (upepo wa mashariki) na dhoruba fupi za masika ndizo zitakazozikuta ubavuni, zimefungwa huku na huku, haziwezi kugeuka.

Na usikubali duara ziingiliane kwa kisingizio kwamba vyombo vyote vinageuka pamoja. Maji yanapobadilika, chombo chenye mkuku (uti wa chini) mrefu kinafuata mkondo na boti nyepesi ya faiba inafuata upepo. Hapo ndipo vinapogongana, mara nyingi usiku, bila upepo wa kutisha.

FundiZege
Kwa hali hiyo mimi niko na jiwe. Haya ndiyo mahesabu yake.

Zege linapoteza zaidi ya asilimia 40 ya uzito likizama. Jiwe la mita 1 kwa mita 1, kimo sentimita 70, lina kilo 1,680 nchi kavu na kiasi cha kilo 960 ndani ya maji. Kwenye mchanga wa juu juu, kabla halijadidimia, lihesabie nusu ya hizo kwa mvuto wa kulala: kilo 480. Boti ya mita 12 inayopigwa omo na upepo wa noti 30 (maili za bahari kwa saa) inavuta kilo 220 hivi. Kwa noti 40 inakaribia 400, na mawimbi yanaongeza mishtuko juu yake. Upepo ukiwa mara mbili, mvuto unakuwa mara nne. Kwa hiyo jiwe hili ni la boti ya mita 12 na kushuka chini. Ya mita 14 isifungwe hapo.

Mchanganyiko wa saruji, mchanga na kokoto uwe 1:2:3, mifuko 5 ya saruji ya kilo 50 kwa jiwe moja, nondo za milimita 12 ndani. Maji ya kuchanganyia yawe ya kisima kisicho na chumvi. Maji ya bahari yanazipa nondo kutu kutoka ndani na jiwe linapasuka. Jicho la kufungia mnyororo usilifanye kwa nondo iliyokunjwa, kwa sababu mnyororo unaisaga mpaka ikatike. Pitisha kipande cha mnyororo wa milimita 20 katikati ya jiwe, ukifunge kwenye nondo za chini, kichomoze juu pete mbili tatu.

Kulifikisha hakuhitaji winchi. Pima kwa kijiti mahali ambapo maji mafu (ya kujaa kidogo) hayafiki lakini bamvua linafika kifuani. Limwage bamvua linapoanza kupungua, uwe na siku kama 10 za ukavu, ulifunike magunia na kuyalowesha kila siku. Bamvua la pili, maji yakiwa yamepwa, funga mapipa 8 ya lita 200, manne kila upande, vifuniko vimekazwa. Pipa moja linanyanyua kiasi cha kilo 185, kwa hiyo hata mawili yakivuja, sita yanabeba kilo 1,110 na jiwe linaelea. Maji yakijaa livuteni taratibu kwa mashua hadi mahali pake. Kamba za mapipa zipite mara moja chini ya jiwe na zifungwe fundo la kuvuta, pande zote mbili zifunguliwe kwa ishara moja. Upande mmoja ukitangulia, jiwe linapinduka na jicho linalala chini kwenye tope. Asiwepo mtu ndani ya maji wakati huo.

Injini kuukuu za magari zina faida ya kupoteza kiasi cha asilimia 14 tu ya uzito, lakini zina mafuta ndani, na mnyororo unanasa kwenye masikio yake. Ndani ya hifadhi usizifikirie.

Nyororo13
Mchango wa FundiZege umekamilika, naongeza kilicho juu ya jiwe.

Mita 8 za mwanzo ziwe mnyororo wa milimita 20, unaolala chini na kumeza mishtuko. Mita 16 zilizobaki milimita 13. Kiungo cha kuzunguka kiwekwe karibu na boya, mahali unapoweza kukiona bila kuzamia. Pini ya kila pingu (chuma cha kuunganishia minyororo) ifungwe kwa waya wa zinki, la sivyo inajifungua yenyewe kwa mtikisiko. Usichanganye pingu za chuma kisichoshika kutu na mnyororo wa zinki: ndani ya maji ya chumvi zinki inaliwa, halafu mnyororo wenyewe, kuanzia pete inayogusana na pingu.

Boya la dumu la lita 20 ndilo kosa kubwa ninaloliona likirudiwa. Mnyororo wa milimita 13 una kilo 3.2 kwa mita ndani ya maji. Maji yakipwa mita 3, dumu linabeba kilo 10 na linaelea vizuri, kila mtu anaridhika. Bamvua likijaa mita 7, linabeba zaidi ya kilo 22, nalo uwezo wake haufiki 20. Linazama. Mgeni anaingia na maji kujaa, haoni boya, anatia nanga juu ya mnyororo wako. Tumia boya la lita 60 au zaidi, lililojazwa povu gumu.

Mzamiaji_PBA
Nakubaliana, ila jiwe lisilozamiwa ni hatari kuliko nanga ya mgeni, kwa sababu yeye nanga yake anaijua. Kagua kila tanga mbili (pepo zinapobadilika), kabla ya kusi na kabla ya kaskazi.

Mnyororo unaliwa sehemu tatu: kwenye jicho la jiwe, chini ya boya, na zaidi ya kote pale unaponyanyuka na kulala juu ya mchanga. Ukipita nao kwa mkono utapahisi: pete za pale zinang'aa, hazina magugu wala chaza, na zinapogusana zimechimbika. Pima kwa kalipa hapo penye chimbo. Pete ya milimita 13 iliyofika 10 imebakisha asilimia 59 tu ya chuma chake. Ikifika hapo kata kipande chote, usigeuze juu chini.

Jiwe lisiwekwe upande wa mashariki. Mnyororo unaoburuta unafyeka majani ya bahari kwa duara, na majani hayo ndiyo malisho ya tasi. Kama hapana budi, funga boya dogo katikati ya mnyororo liunyanyue usiguse chini. Na kwa njia ya 3, Kipwani, jiulize nani atakayenyanyua mnyororo wa mita 80 kuukagua. Hilo peke yake linanitosha kuikataa.

BiMwani
Kaka zangu, mmepima boti za wageni, hamjapima njia ya ngalawa. Zinatoka alfajiri kwa tanga, na chombo cha tanga hakiendi moja kwa moja, kinabisha, yaani kinakwenda kwa kupinda huku na huku. Njia ya 3 ni ua uliozibwa mbele ya diko. Acheni uchochoro usiopungua mita 60, usiwe na boya wala kamba.

Mashamba ya mwani nayo yatiwe kwenye ramani ya mgeni. Vidingi (viboti vidogo) vyao vya mashine vikipita maji yakiwa nusu, rafadha (pangaboi) inakata kamba na kung'oa vigingi, na mwenye shamba anajua maji yakipwa. Vyoo vya boti vifungwe humu ndani, wamwage nje ya mlango.

Kipwani
Shukrani, Bi. Basi nimechora hivi: mawe 3 kwa mstari, mita 216; mita 84 zilizobaki ni njia ya ngalawa. Hakuna nanga ndani ya ghuba isipokuwa kwa dharura. Wa nne na kuendelea wanaelekezwa Wete. Swali: mgeni ajifunge vipi kwenye boya?

OmoNaTezi
Kwa kamba mbili, kila moja na kifundo chake kwenye pete. Akipitisha kamba moja na kurudisha omoni, kila boti inapoyumba kamba inasugua pete kama msumeno. Nailoni ya milimita 20, penye msuguano aifunge turubai, si mpira wa maji, kwa kuwa mpira unahifadhi joto na nailoni inapikika ndani. Kamba za plastiki zinazoelea zinaliwa na jua na kunasa rafadha. Usiku taa nyeupe inayoonekana pande zote.

Daftari liandike jina la chombo, bendera, urefu, uzito, kina kinachozama, idadi ya watu, anapoelekea na siku ya kuondoka. Anayetoka nje ya nchi aonyeshe kwamba amemaliza uhamiaji, forodha na afya kwenye bandari ya Mkoani au ya Malindi, Unguja. Ada ipokelewe na mtu mmoja wa kamati, kwa risiti. Na kabla ya jiwe la kwanza kuzama, pateni maandishi ya ofisi ya hifadhi na ya watu wa bandari.

Kipwani
Juu ya boya nitaandika: MITA 12, TANI 12, CHOMBO 1.

Mzamiaji_PBA
Andika pande tatu, boya linageuka. Herufi ziwe juu ya mstari wa maji kwa kiganja kizima, maana chini ya hapo ndani ya wiki chache zimefunikwa na utando na magugu ya bahari. Na namba ya jiwe ichongwe kwenye zege lenyewe kabla halijakauka.