Toyota Crown ya 2.5 au ya 3.0 kwa mkazi wa Tanga?

Swali: Ndugu zangu, nakusudia kuagiza Crown ya kizazi cha 2003 hadi 2008. Mizunguko yangu ni ya mjini, ila mara kwa mara huenda Dar es Salaam kupitia Segera. Je, yenye injini ya lita 2.5 inatosha, au nichukue ya lita 3.0?

Jibu la kwanza: Ushuru wa bidhaa usikusumbue, kwa kuwa injini zote mbili zimezidi cc 2,000 (lita 2) na hutozwa kiwango kimoja. Zote ni V6, yaani zina silinda sita zilizopangwa kwa umbo la V. Tofauti utaihisi unapolipita lori mlimani ukiwa na abiria.

Jibu la pili: Chukua 2.5, inatosha kabisa. La muhimu zaidi ni kwamba injini hizi hunyunyizia petroli ndani ya silinda moja kwa moja, hivyo vali za kuingizia hewa hazioshwi na mafuta, nazo hujikusanyia masizi, hasa kwa safari fupi za hapo mjini Tanga, kama Ngamiani hadi Chumbageni. Ikianza kutetemeka kwenye silensa, yaani injini inapounguruma bila kukanyaga mafuta, fundi azisafishe mapema.